Anayekwenda Kinyumenyume

Karakana, 10 Februari

Mdogo wangu Kinyume,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana kwa kazi yako kukaa ni bahati. Sisi huku tupo. Wifi yako anakusalimu. Amehamisha jiko kutoka dirishani mpaka mlangoni na sasa moshi wote unaingia chumbani kwetu, lakini nikisema neno ananiambia nirudi karakana kwangu. Mwanetu Mkaguzi ametimiza miaka sita na meno mawili ya mbele yameng'oka, anacheka kama kikongwe. Jina la Mkaguzi analistahili zaidi kila siku. Juzi alipanga viatu vyote vya nyumba hii mlangoni, akaniita, akaniuliza kwa nini changu cha kulia kimeisha upande mmoja.

Kazi ipo. Nimemaliza kabati la yule mkunga mstaafu aliyempokea Mkaguzi siku anazaliwa. Milango miwili, kioo kwa ndani, droo chini. Mbao zilikuwa zimekauka vizuri, na mlango ukiufunga unatoa ile sauti ndogo baba aliyoipenda, tup, kisha kimya. Limesimama katikati ya karakana likiwa zima, kama tulivyofundishwa: halina skrubu ya kulegeza wala kipande cha kuchomoa. Vijana wa mizigo wa pale njiapanda walikuja kulitazama, wakataka kulilaza ubavu na kulipiga kamba kama ng'ombe. Nikawaambia waende zao. Mkunga anasubiri, si mtu wa haraka.

Ya mgongo uliyoniuliza si kitu. Ni ule ule. Nilikwenda kwa daktari, akanipiga picha, akasema maneno. Nitakueleza siku nyingine.

Ni mimi kaka yako, wa siku zote.


Chumba cha mashuka, 2 Machi

Kaka Fundi, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama, hiyo bahati ya kukaa haijafika huku. Hoteli imejaa wageni na kila mgeni anaoga kama aliyetoka kuchimba kisima. Tunakunja mashuka toka asubuhi, mimi na Mama Pasi, yule mwenzangu niliyekuandikia kuhusu sauti yake. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika pembe zake, mimi zangu, tunasogeleana, tunapeana pembe, narudi nyuma, tunasogeleana tena. Jana akaniuliza, "Wewe mbona ukirudi nyuma hugeuki hata siku moja? Utakuja kuingia kwenye mashine." Nikamwambia nimekulia kwenye kazi hiyo. Hakuelewa, nami nikampa pembe zangu tukaendelea.

Mwambie wifi ahamishe tena jiko. Mwambie Mkaguzi shangazi yake anataka kujua jino la tatu litang'oka lini.

Sasa tuzungumze. Barua yako umeiandika kwa penseli. Tena ile penseli nene ya useremala, naijua. Nikajiuliza, huyu huyu aliyekuwa ananigombeza nikiandika kwa penseli, ananiambia barua si ubao wa kupimia, leo kapatwa na nini? Nikalala kitandani, nikainua karatasi juu ya uso wangu, nikajaribu kuandika kwa kalamu ya wino. Iliandika neno moja na nusu ikagoma. Kaka, unaandika umelala chali.

"Daktari akasema maneno." Maneno gani? Kwenye simu huwa unasema salama kabla sijauliza, halafu unampa wifi. Kwenye karatasi huna wa kumpa. Andika.

Mdogo wako.


Karakana, 9 Aprili

Kinyume, marahaba.

Nimechelewa kukujibu, usinune. Mvua imenyesha bila kupumzika, mbao zimevimba na watu wote wa nyumba hii wana mafua isipokuwa Mkaguzi, ambaye anatugawia leso na kutuuliza kama tumezitumia. Jiko limerudi dirishani. Wifi yako anasema lilikuwa wazo lake.

Umenishika. Naandika nimelala, chini ya meza ya kazi, miguu juu ya kigoda. Ndiyo namna pekee ambayo mguu unatulia. Ukiwa huku chini unaona vitu vilivyosahauliwa: matone ya gundi ya enzi za baba, hesabu zake za penseli, na yule kuku uliyemchora kwa chaki ukijificha usifagie maranda. Bado yupo. Ana miguu mitatu. Namtazama kila siku, namuuliza habari zako.

Maneno ya daktari ni haya. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini mfano wa mto mdogo. Wangu wa chini umepasuka, ukatoka nje ya mahali pake, sasa unabana neva inayoshuka mguuni. Ndiyo maana maumivu yanaanzia kiunoni na kunichoma mpaka kisiginoni. Dawa nimekunywa, mazoezi nimefanya, mkanda nimevaa mpaka nikawa mwembamba kiunoni kama bibi harusi. Anasema yaliyobaki ni upasuaji: afungue nafasi ndogo, atoe kile kinachobana. Mguu una nafasi nzuri ya kupona. Mgongo wenyewe hakuniahidi, anasema unaweza kuendelea kuumauma. Na nikikaa sana bila kuamua, mguu unaweza kufa ganzi moja kwa moja.

Ni daktari kijana, mpole, hakunisukuma. Akasema, "Mzee, nenda ukafikirie." Mzee! Nafikiria sasa.

Kabati la mkunga bado lipo. Nililijaribu peke yangu wiki iliyopita, kidogo tu, nione uzito. Wifi yako alinikuta sakafuni na hakunisemesha siku nzima. Na huo upasuaji, wewe ungefanyaje?

Kaka yako.


Chumba cha mashuka, 21 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nimekujibu siku ile ile niliyopata barua, uone tofauti yangu na wewe. Hapa salama. Mama Pasi anatafuta mchumba kwa ajili yangu, juzi kaniletea dereva wa gari la hoteli aliyezungumza kuhusu matairi toka chai mpaka jua linazama. Nilipomwambia kaka yangu ni seremala aliniuliza kama unaweza kumtengenezea kiti cha gari. Sina wa kumcheka naye. Mtu wa kumcheka naye yupo chini ya meza anaongea na kuku.

Umelijaribu peke yako. Kaka, una akili timamu? Kabati lile wanalibeba watu wawili: mzito anatembea akiitazama njia, ndiye macho, mwepesi anakwenda kinyumenyume. Wewe ndiye uliyenifundisha. "Usitazame nyuma. Nitazame mimi." Nilikuwa na miaka kumi na mbili, baba kashafariki, wateja wanatuangalia tunatoka na makabati milangoni na kusema watoto hawa watajiua. Hatukugonga hata fremu moja. Ukisema kizingiti nainua mguu. Ukisema bega nashusha bega. Nilipita mitaa mizima nisiyoiona, nikitazama uso wako tu. Mpaka leo nikitembea kawaida, mbele, huwa nahisi kama kuna kitu nimesahau.

Unaniuliza ningefanyaje. Sitakujibu. Nikisema nenda na likaharibika jambo, nitaishije? Nikisema usiende na mguu ukafa, nitakutazamaje? Mwili ni wako. Ila nakuona unavyozungukazunguka. Hujaandika hata mara moja kwamba unaogopa, na hujaandika kwamba huogopi. Kuna kitu umekikalia.

Maneno uliyoniambia siku naondoka bado ninayo, lakini hayo si ya leo.

Mdogo wako.


Chumba cha mashuka, 3 Juni

Kaka,

Mwezi wote wa tano umepita bila barua. Nimepiga simu, ukasema salama, salama, salama, ukampa wifi. Wifi naye siku hizi amejifunza kwako.

Siandiki mengi. Kila jioni nikitoka kazini napita kwa fundi mmoja wa viti huku, nasimama mlangoni kwake kama mtu aliyepotea. Nanusa msasa na vanishi. Alikuwa ananiuliza nataka nini, sasa ananiachia tu nisimame.

Umeamua nini?


Karakana, 27 Juni

Kinyume wangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Wote wazima, kasoro mimi.

Juzi nilitoka karakana kwenda nyumbani kula. Ni pale pale, uwanja tu unaoujua. Nimefika mlangoni, nikamsikia Mkaguzi nyuma yangu ananiita, "Baba, mbona umeiacha hii?" Nikageuka. Ameshika ndala yangu ya kulia. Ilikuwa imenivuka katikati ya uwanja na mimi nimetembea peku mpaka mlangoni, juu ya kokoto, bila kujua. Mguu haukuniambia kitu. Aliinama akanivalisha, akaubonyeza mguu kwa kidole, akauliza, "Unasikia? Na hapa?" Nikamwambia nasikia. Akanitazama. Yule mtoto hadanganyiki, Kinyume. Alishika ndala mpaka tulipoingia ndani.

Nililia. Wifi yako alikuwepo, kwa hiyo hakuna cha kuficha.

Sasa nitakwambia nilichokikalia. Kisu sikiogopi sana, au nakiogopa kama mtu yeyote. Lakini daktari alisema jambo jingine ambalo sikukuandikia. Nikishapasuliwa, nisibebe tena kitu kizito maisha yangu yote. Kuranda nitaranda, kukata nitakata, lakini kabati sitalishika tena. Alilisema kirahisi, huku anaandika. Mimi nikasikia ameniambia kwamba wewe hutarudi.

Ni ujinga, najua. Lakini tangu uondoke nimekuwa nikijiambia, siku moja litatokea kabati kubwa, nitashindwa, nitamwita Kinyume, naye atakuja kwa sababu kazi ile hakuna mwingine anayeiweza. Nikiacha kubeba, utarudia nini hapa? Ndiyo maana nililitengeneza la mkunga zima, zito, bila skrubu. Alitaka dogo tu, la kuweka shuka na kanga zake. Mimi nikamwambia kabati dogo halidumu. Nikakaa na sababu ya kukuita, nikakosa ujasiri wa kuitumia. Nilitaka tulibebe hili moja, halafu wanipasue.

Na siku ile unaondoka, nilikwambia nenda, hapa hakuna mzigo unaokusubiri, kwa sababu niliona unataka kugeuka. Nilijua ukigeuka hutapanda gari. Nikatafuta neno la kukufanya usigeuke, nikapata lile. Lilikuwa neno baya. Nimekaa nalo.

Nimekubali kupasuliwa. Daktari amenipa siku, katikati ya mwezi ujao. Wifi yako atakuwepo. Lakini nikifumbua macho nataka nikuone na wewe.

Njoo.


Chumba cha mashuka, 5 Julai

Kaka Fundi, shikamoo.

Ruhusa ninayo tangu Machi. Niliiomba siku niliyojaribu kuandika nimelala chali, ikakubaliwa, nikaiweka. Nilikuwa nasubiri uniite. Miezi yote hiyo sanduku langu limekaa chini ya kitanda limefungwa, Mama Pasi anadhani nimeiba mashuka.

Nami nilikuwa na kiburi changu. Nilijiambia mtu aliyesema hakuna mzigo unaonisubiri, aseme mwenyewe upo. Usidhani mlikuwa na ukaidi peke yenu, wewe na huo mguu.

Sikiliza. Sijawahi kukumbuka kabati hata moja. Nakumbuka uso wako juu ya kabati, umekunja paji, midomo inasema polepole, polepole, kizingiti. Nimeishi huku kati ya watu wengi wanaonipita, na hakuna anayetazama kilichopo nyuma yangu.

Nakuja. Nitafika kabla ya siku yako. Usiliguse kabati hata kwa kidole.

Mdogo wako.


Karakana, 14 Septemba

Mdogo wangu Kinyume,

Angalia rangi ya maandishi. Ni kalamu ya wino. Nimekaa kwenye kiti, miguu chini, yote miwili inajua iko chini.

Watu wote wanakusalimu. Jino la tatu la Mkaguzi limeng'oka siku ya pili baada ya kuondoka kwako, amelifunga kwenye karatasi nikutumie, limo humu, usilitupe. Wifi yako anasema nyumba imepoa. Anasema hivyo kila asubuhi akisogeza jiko, kisha anaangalia upande wa kitanda ulicholalia.

Najua ulikuwepo na hayo ninayoandika unayajua. Lakini hukujiona, niliyekuona ni mimi, kwa hiyo soma tu.

Siku ile kabla ya hospitali, ulipomshika wifi yako ukamweka upande wangu wa kabati, nilitaka kusema hataweza. Mke wangu! Miaka yote nimemwambia karakana si mahali pake. Mkalinyanyua. Mimi nimesimama nyuma yake na fimbo ya kutembelea, mkono wa pili mtupu, sina cha kufanya nao. Ukanitazama juu ya bega lake ukasema, "Haya, Kaka, sema." Nikasema. Kizingiti. Bega. Kushoto kidogo. Ulipita mlangoni mgongo mbele kama zamani, hukugeuka, na mkunga, aliyetoka kutulaki njiani, akajishika kifua. Mlipofika kwake nilikuwa nimechoka kuliko nyinyi. Alipofungua mlango wa lile kabati na kuufunga, tup, nilijua kazi ile nimeimaliza, na sikuumia nilivyodhani nitaumia.

Kisha ile korido. Siku ya pili baada ya kupasuliwa, muuguzi ananiambia nisimame, na mimi nang'ang'ania kitanda, jasho linanitoka, nawaambia kesho. Ukaja ukasimama mbele yangu. Hukunishika. Ulinyoosha mikono tu, ukaanza kurudi nyuma. Ukasema, "Usitazame chini. Nitazame mimi." Nikapiga hatua, na nyingine. Halafu nikaona kitoroli cha dawa kinakuja nyuma yako, yule dada anayekisukuma anaangalia kwingine, nikapaza sauti wodi nzima ikasikia: "Kulia!" Ukaenda kulia bila kugeuza shingo. Kikapita. Wagonjwa wakacheka, mmoja akapiga makofi. "Kizingiti!" nikasema, ukainua mguu. Nikawa na kazi, Kinyume. Nilikuwa nakulinda wewe usianguke. Tulipofika dirishani ndipo nikakumbuka kwamba niliyekuwa natembea ni mimi.

Mgongo bado unauma asubuhi, daktari hakudanganya. Unauma kwa adabu, nikizunguka kidogo unaniacha. Mguu umerudi, vidole viwili bado vina ganzi na Mkaguzi anavikagua kila jioni. Makabati sasa nayatengeneza vipande viwili, yana skrubu, yanafunguliwa. La kwanza lilipotoka, vijana wa njiapanda walilibeba kila mmoja na kipande chake wakipiga mluzi. Niliomba radhi kwa baba. Kuku wako simwoni tena, kumwona mpaka niiname na kuinama nimekatazwa, lakini Mkaguzi huingia chini ya meza na kuniletea habari zake. Anasema miguu mitatu ni makosa. Nimemkataza kufuta.

Jambo la mwisho ni lile la stendi. Sikutaka uondoke na nilikubebea kikapu chepesi mpaka garini nikijifanya nina haraka. Safari hii sikuwa na neno la kukwambia, nililitafuta nikalikosa. Ukapanda. Nikadhani umekaa mbele, nikawa nazungusha macho madirishani. Gari likaanza kuondoka, na hapo nikakuona kwenye kioo cha nyuma, umepiga magoti kwenye kiti cha mwisho, umegeukia huku, unanitazama. Unakwenda kinyumenyume.

Nikaangalia barabara iliyo mbele yenu. Ilikuwa wazi. Nikakuonyesha kwa mkono: njia nyeupe, nenda. Nilisimama pale mpaka gari likapotea, na baada ya kupotea nikaendelea kusimama. Watu wakaniuliza kama naumwa. Nikawaambia hapana, nimesimama tu.

Ukija tena usingoje kuitwa.

Kaka yako.